Mwaka Tuliohesabu Teleka

Tok. Punje ya haragwe inadondoka ndani ya mkebe mtupu wa maziwa. Kimya kidogo, halafu juu ya vichwa vyetu ile kelele nyembamba ya ndege, kama mtu anayechana kitambaa kipya, halafu tena: tok. Nimesikia sauti nyingi tangu wakati ule, maana nimefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya wazazi na huko hakuna ukimya. Lakini ukiniamsha usingizini ukaniuliza ujana wangu ulikuwa na sauti gani, nitakujibu bila kufikiri: sauti ya haragwe ndani ya mkebe, jioni, mjini Mbeya, mimi na Atupele tumelala chali juu ya mkeka nyuma ya ghala la mtu, tunahesabu ndege. Niliikumbuka tena mwezi uliopita, simu ilipokuja huku Iringa kutoka Mbeya. Aliyepiga ni mjukuu wa Atupele. Alisema, "Bibi Luiza, bibi ametutoka," nami kwa ule ujinga wa mshtuko nikamuuliza, "Bibi yupi?" Kana kwamba kulikuwa na mwingine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, uhuru bado, ingawa watu walishaanza kuutaja kwa sauti ya chini. Namna nilivyofika Mbeya si habari ya leo. Itoshe kusema nilikuwa msichana wa Kihehe mwenye darasa la nne, magauni mawili na mdomo usiochoka kucheka, na nililala kwenye chumba cha pembeni katika nyumba ya Mama Atupele. Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe enzi za dhahabu ya Chunya, siku alizopata. Matofali mabichi, bati la mawimbi, na penu pana kuzunguka pande zote, pana kiasi kwamba mvua ya Mbeya ikinyesha kwa upande bado unaweza kukaa nje ukamenya viazi bila kulowa. Chumba changu kilinuka chokaa na maganda ya ndizi. Dirisha lilikuwa la mbao, halina kioo, na asubuhi ukilifungua unaona mlima Loleza umefunikwa ukungu hadi kiunoni. Juu ya dirisha, pale bati linapokutana na ukuta, walijazana teleka. Ni ndege wadogo weusi, kiuno cheupe, mabawa yamepinda kama mundu. Wengi huwaita mbayuwayu, kwa kutojali. Hujenga viota vyao kwa manyoya na majani makavu waliyoyadaka hewani, wakayagandisha kwa mate yao wenyewe, kiota juu ya kiota, mpaka ukuta unaonekana umeota uyoga. Hawatui mtini, hawatui chini. Maisha yao yote ni hewani na penuni.

Aliyetuingiza kwenye kuwahesabu ni Sista Marta, mkuu wa zahanati ya misheni, Mzungu mrefu mwenye miguu mikubwa na Kiswahili alichojifunza kwenye Biblia. Akitaka kukuonyesha kitu, hata kama ni sufuria inayofurika, anasema, "Tazama!" Aliwapenda ndege wale kuliko alivyopenda kula. Mvua zilipoanza alisimama baada ya ibada akaomba wasichana wa kujitolea, wa kumsaidia kujua teleka wangapi wanalea makinda katika mji mzima wa Mbeya. Hakuna malipo, alisema, ila chai. Halafu akaongeza jambo lililotufanya sisi wawili tushikane mikono chini ya benchi. Mwaka huo alikuwa na nafasi mbili za kupeleka wasichana Iringa kujifunza kusaidia wakunga, na angewachagua kutoka kwa wahesabuji. "Kwa maana msichana awezaye kulala chali akitazama kiota kimoja hata giza, pasipo kupiga soga," alisema, "huyo ataweza kuketi na mwanamke mwenye uchungu." Mimi tayari nilijiona nimevaa sare nyeupe na saa imebanwa kifuani. Nilianza kutembea kwa madaha siku hiyohiyo. Atupele aliniambia, "We Mhehe, bado hata mkebe hujapewa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viota vimebanana, ukivihesabu mchana kwa macho, unavichanganya. Kwa hiyo unangoja jioni, ndege wanaporudi. Unalala chali chini ya penu, unachagua kipande cha ukuta, na kila kiota kinachoingiwa na ndege mwenye chakula cha makinda unadondosha punje moja mkebeni. Mkono mmoja umeshika maharage, mwingine umeshika mkebe, macho hayatoki juu. Giza likiingia unamwaga punje kitambaani na kuzihesabu. Mimi niliharibu mara nyingi. Teleka wakipita kwa kundi wakipiga kelele, wakikaribia kugonga bati halafu wakapinda dakika ya mwisho, nilikuwa nacheka, na nikicheka punje zinamwagika. Atupele hakucheka. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye shingo ndefu na utulivu kama wa maji ya mtungini, na macho yake yalimfuata ndege mmoja kati ya mia mpaka mlangoni kwake. Sista Marta alikuwa akimtazama yeye wakati yeye anatazama ndege. Niliona. Kila mtu aliona kwamba nafasi ya kwanza ilikuwa ya Atupele, na ya pili tutagombania sisi wengine.

Mji ulituchukulia kama vichekesho, na pia kama hatari. Siku hizo mtu akionekana anatazama nyumba yako na kuhesabu, ujue kodi inakuja. Yule fundi cherehani wa karibu na soko alitoka kibarazani kwake na futi shingoni akasimama juu yetu. "Nyie mabinti, mnalala chali mkitazama bati la mtu, wazazi wenu wanajua?" Atupele akajibu bila kutoa macho juu, "Shikamoo baba. Tunahesabu ndege." "Marahaba. Ndege wana kodi siku hizi?" "Bado, baba." "Basi wakianza kulipa wale wa kwangu mje mnidai mimi, ni wapangaji wangu." Kesho yake alitutolea mkeka mzuri zaidi. Wengine walikuwa wakali. Mama mmoja alitumwagia maji ya kuoshea vyombo, akasema ameteleza.

Lakini Atupele alikuwa na mtindo wake ambao mwanzoni sikuuelewa. Ndege wakishaingia wote, mkononi mwake daima inabaki punje moja ambayo hakuidondosha. Akienda kwa Sista Marta kutoa hesabu, anasema idadi ya zilizo mkebeni, halafu anaongeza, "na mmoja." Sista akamuuliza, kwa nini usiseme yote pamoja? Atupele akainama. "Vyenye uhai hatumalizi kuhesabu, Sista. Ukimaliza umefunga." Sista Marta alimtazama kitambo, nikadhani atacheka. Hakucheka. Tangu siku hiyo naye akawa anaandika na kusema kwa sauti, "na mmoja," kwa namna yake ya kanisani, kama anasema amina.

Mtindo ule ulitoka kwa mama yake. Mama Atupele alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mikono yenye harufu ya moshi na maziwa mgando. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga matatu na kigoda kimoja ambacho hakuna aliyekikalia ila yeye. Tulikula kande siku za kawaida, ndizi za kupika zilizotoka Tukuyu akitembelewa na ndugu, na Jumapili wali wa mchele wa Usangu. Alipopakua aliweka daima bakuli moja zaidi, tupu, kando ya mengine. Nilidhani ni la mgeni. Ukimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Wapo." Hata zahanati, karani akishika kalamu na kuuliza tena, alisema, "Nimekwambia wapo, baba." Alikuwa na mmoja, Atupele. Wengine walikuwa nyuma ya kanisa, kwenye vilima vidogo vilivyopandwa maua ya njano.

Aliniambia mwenyewe, asubuhi moja ya mvua, tunachagua maharage penuni. Zamani alikuja karani wa kuhesabu watu. Kijana mstaarabu, kofia mkononi, alikunywa maziwa akashukuru. Aliwapanga watoto chini ya penu hili hili akawanyooshea kidole mmoja baada ya mwingine, akisema kwa sauti, na alipomfikia wa mwisho akasema, "Basi, wamekwisha." Msimu huohuo ikaja surua. "Hakuwa mtu mbaya," Mama Atupele alisema, akitupa haragwe bovu kwa kuku. "Alisema tu wamekwisha. Wakaisha. Huyu Atupele alikuwa mgongoni kwangu nimemfunika, hakumwona." Nilikuwa mtu wa kucheka, lakini siku hiyo nilishika haragwe moja mkononi muda mrefu sana nisijue niliweke upande gani.

Kwa hiyo zamu ya mtaa wetu ilipofika, Atupele alisema kwa uangalifu wakati wa chakula cha jioni, "Mama, kesho tunafika huku kwetu." Mama yake hakuacha kula. "Kwa watu hesabuni. Hapa kwangu, hapana." "Mama, ni ndege tu." "Wanalala wapi?" "Penuni." "Penu la nani?" "La kwetu." "Basi wa kwangu. Na wa kwangu hawahesabiwi." Atupele akasema ataacha mmoja, kama anavyofanya kwingine. Mama yake akaweka bakuli chini. "Kwingine wanao wengi. Mimi nikiacha mmoja, nimebaki na nani?" Nyumba ile ndiyo iliyokuwa na teleka wengi kuliko zote za mtaa wetu, na haikuhesabiwa.

Isingekuwa neno, kama si Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa serikali. Kulikuwa na mgeni mkubwa wa serikali anakuja, mji ukaamriwa upakwe chokaa, na ofisi ya afya ikasema viota vyote viangushwe, vinaleta viroboto. Sista Marta alivaa kofia yake ya safari akaenda kukaa ofisini kwao mpaka wakachoka naye. Akarudi na makubaliano: penu lenye makinda lisiguswe mpaka makinda yaruke, lakini lazima lijulikane. Basi kila nyumba tuliyohesabu tulifunga kitambaa chekundu kwenye nguzo. Wenye nyumba wasiojua tuliwaeleza, wakakubali, hata yule mama wa maji ya vyombo. Mimi nilimwambia Atupele, jamani, si tufunge tu kitambaa na kwetu, hata bila kuhesabu? Alitikisa kichwa. "Kitambaa kinasema nimehesabu. Mama ameviona vya majirani, anajua ni vya wahesabuji. Akikiona nguzoni kwake hatalala tena mpaka nife." Akaniambia pia kwamba mtaa wetu uko nyuma, hauonekani barabarani, na vibarua wa chokaa hawatafika. Aliamini hivyo, na mimi nikaamini kwa sababu aliamini yeye. Kuhusu vibarua wa kuangusha viota, mama yake hatukumwambia kitu. Katika nyumba ile habari za kuhesabu zilikuwa zimefungwa, na sisi hatukuwa na ujasiri wa kuzifungua.

Walifika asubuhi. Atupele alikuwa zahanati. Mimi nilikuwa nafua, Mama Atupele yuko ndani. Nikasikia kitu kama mtu anakwangua sufuria, na kelele ya teleka, lakini si ile ya kuchana kitambaa. Hii ilikuwa moja, ndefu, haikatiki. Nilipozunguka nyumba niliona vibarua na mianzi mirefu wakikwangua ukuta wa jua linakochomoza, na viota vikianguka kama makapi, na ndani ya makapi vitu vya rangi ya ngozi vikitambaa. Mama Atupele alitoka akikimbia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Baba zangu, acheni! Wana watoto hao!" Mnyapara wao, mzee mwenye heshima tu, akavua kofia. "Mama, shikamoo. Kitambaa chako kiko wapi?" "Kitambaa gani?" "Chekundu, mama. Penye kitambaa tunapita. Pasipo kitambaa hakuna makinda, ndivyo tulivyoambiwa." Mama Atupele akanigeukia. Sikuweza kumtazama. Nilisema, "Ni kwa nyumba zilizohesabiwa, mama," na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kinda.

Wakati tumesimama pale wale wengine walikuwa wameshamaliza ukuta wa pili, maana kazi haingoji mazungumzo. Mama Atupele aliinua mikono yote miwili kichwani. Nilidhani anataka kulia kama msibani. Alikuwa anafungua kilemba chake, cha rangi ya damu ya mzee, alichovaa kanisani na jikoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe, sikujua. Alienda upande wa nyuma, ukuta wa dirisha langu, akakifunga kilemba kwenye nguzo, mafundo mawili, akasimama mbele yake. "Hapa pana watoto," alisema. "Andika." Mnyapara akasema hana cha kuandikia. "Basi sema." Yule mzee akasema, "Hapa pana watoto, mama," wakabeba mianzi yao wakaenda.

Atupele aliporudi alitukuta tumeinama tukiokota. Tuliwaweka kwenye ungo, juu ya pamba ya godoro langu. Teleka mkubwa akianguka chini hawezi kuinuka, mabawa ni marefu na miguu haina maana; hao wachache tuliwanyanyua kwenye viganja mpaka wakashika hewa. Makinda hayakuwa na manyoya ya kushika chochote. Mama Atupele alikaa na ungo magotini siku nzima kando ya mafiga, akilowesha uji kwenye ncha ya jani. Walifungua midomo, wakafunga. Hakuzungumza na Atupele, wala hakumgombeza. Wa mwisho alipotulia alimchukua, akamfunika na wenzake kwenye kona ya bustani, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi, "Waliohesabiwa wazima?" Atupele alikuwa amesimama mlangoni. "Wazima, mama." "Mtaa mzima?" "Mtaa mzima." Mama yake akapangusa mikono. "Hesabu hao waliobaki nyuma, kafunge kitambaa cha kweli. Na huko Iringa, mwambie Sista Marta utakwenda." Atupele alisema, "Sihesabu, mama," na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimkatalia. Iringa hakuikataa.

Sista Marta alituchagua sisi wawili. Mimi, nafikiri, kwa sababu nilikuwa rafiki wa Atupele, ili asiende mpweke. Wiki zile za mwisho nyumba ilijaa harakati. Mama Atupele alishona, alikaanga karanga, alimfundisha binti yake kutengeneza maziwa mgando kwa maziwa ya Iringa ambayo alikuwa na hakika ni mabaya. Alicheka na mimi: "Wahehe watamnywesha pombe yao ya ulanzi, wewe mwenyeji umlinde mwenzako." Alionekana amekubali kabisa. Lakini alfajiri moja nilikuwa nawasha moto, wao wako upande wa pili wa ukuta, na nikasikia Atupele anamuuliza, "Mama, umeniruhusu kweli?" Nikasikia mama yake akifunga sanduku. Kisha akasema, "Mdomo umeruhusu, mwanangu. Mwili bado. Wewe nenda, mwili utafuata."

Siku ya safari tulikuwa kwenye basi mapema, tumekaa upande wa dirisha, masanduku juu. Mama Atupele alisimama chini na kikapu, kilemba kile chekundu kimefuliwa, kimerudi kichwani. Makinda ya ukuta wa nyuma yalikuwa yameruka yote. Alinipa mimi karanga, akampa Atupele kitambaa cha leso, akasema, "Ndaga fijo, wanangu," asante sana, kana kwamba tumemfanyia jambo. Dereva akawasha. Ndipo taniboi, msaidizi wa dereva, akaingia, kijana mchangamfu, akasimama mbele akaanza kuhesabu abiria kwa kidole. "Moja. Mbili. Tatu." Alisema kwa sauti ya kuimba, kidole kinagusa hewa juu ya kila kichwa. Mimi nilikuwa nacheka kitu, sikumbuki nini. Nikaona Atupele ametazama nje. Mama yake hakupiga kelele wala hakuita. Alikuwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili akakivuta mpaka kikafunika uso wote, akasimama hivyo katikati ya watu, kama mtu anayengoja kupigwa. Kidole kilikuwa safu mbili mbele yetu. Atupele aliinuka. Hakuniaga, aliweka tu mkono wake shavuni kwangu, ulikuwa wa baridi, akapita katikati ya magunia akashuka. Taniboi alifika kwenye kiti chetu, akanielekezea mimi. "Na wewe wa mwisho. Basi, tumekwisha. Twende!"

Kiti cha kando yangu kilikaa kitupu mpaka Chimala, alipopanda mwanamke mwenye gunia la mchele akanisukuma dirishani na kuniuliza nalilia nini, nimefiwa? Nikasema hapana. Akasema, basi kula, akanipa karanga zangu mwenyewe, maana zilikuwa zimemwagika mapajani.

Maisha yaliyofuata niliyapata mimi. Sare nyeupe, saa kifuani, wodi yenye vitanda vyeupe pale Iringa, baridi yake, kengele yake, watoto wa watu waliopita mikononi mwangu wakiwa bado na joto la mama zao. Mabibi wengine wa hapa hunisimamisha njiani na salamu ya "Kamwene," wananionyesha mtu mzima mwenye ndevu, wananiambia, huyu ni wako. Nafurahi, ninacheka, mdomo wangu haujachoka. Lakini mara nyingi, hasa kwa mama mgumu, mwenye uchungu wa siku mbili, nilipokaa kitandani kwake nikihisi mkono wangu hauna utulivu wa kutosha, nilijua ni mkono wa nani uliopaswa kuwa pale. Atupele aliuza mchele sokoni. Aliolewa na mtu mwema, akazaa, akaweka bakuli moja la ziada mezani kwake. Na mama yake, huyo aliyeogopa kubaki bila mtu, aliishi akazeeka mpaka akasahau majina yetu, akafia mikononi mwa binti yake. Mimi na Atupele tulikutana mara chache, nikipata likizo. Mara moja tu nilithubutu kumuuliza kuhusu basi. Tulikuwa tunamenya viazi chini ya penu lile. Alisema, "Mimi sikuamini mambo ya kidole, Luiza. Aliyeamini ni mama. Na mimi ndiye niliyekuwa wake wa mwisho." Halafu akanitania kwamba namenya viazi kwa maganda manene kama mtu wa mshahara. Sikuona uchungu usoni kwake. Nilitafuta. Pengine ningeuona ningepumua.

Basi mwezi uliopita nilikwenda kumzika. Siku hizi safari haina vumbi wala haina Chimala ya kusimama, unapita umelala. Nyumba ipo. Mbele wametoboa dirisha la duka, bati ni jipya, la bluu. Kuta mbili zile hazikuota kiota tena tangu siku ya mianzi. Lakini nyuma, juu ya dirisha lililokuwa langu, pale kilemba kilipofungwa, wamejazana teleka kama zamani, na wajukuu hawajui kwa nini wanapenda upande ule tu. Sikuwaambia. Siku ya tatu baada ya mazishi wanawake walikaa uani wanachagua maharage ya kupikia waombolezaji, nami nikakaa nao, na ungo magotini. Binti mmoja wa ofisi ya kata alikuwa anajaza habari za marehemu, akawauliza wajukuu, bibi ameacha watoto wangapi? Kabla hawajajibu nikajikuta nimesema, "Wapo." Akanitazama kwa huruma wanayowatazamia wazee.

Jioni, wengine walipoingia ndani kwa sala, niliokota mkebe mtupu wa maziwa ya unga jikoni, nikachota maharage kiganjani, nikazunguka nyuma. Kulala chali mgongo wangu haukubali tena. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nikaegemeza kichwa ukutani. Walikuja kutoka upande wa Loleza wakipiga kelele yao ya kuchana kitambaa, wakakaribia kugonga bati, wakapinda. Sikucheka. Mmoja akaingia: tok. Mwingine: tok. Nilifuata kila mmoja mpaka mlangoni kwake, taratibu, kama alivyokuwa akifanya yeye, mpaka hewa ikabaki tupu na ndani ya nyumba waombolezaji wakaanza kuimba wimbo wa kanisani. Yule wa mwisho alipoingia, mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mkebe. Niliufumba. Nikamwaga zile nyingine kwenye ungo wa msiba pamoja na za kesho, nikarudisha mkebe jikoni, nikaingia ndani kwenye sala na kukaa kati ya wanawake, punje ile moja ikiwa bado mkononi.